Mikono Sita na Mguu Mmoja

Kwenye ukuta wa karakana ya miguu bandia, pale ambapo zamani palikuwa na kioo kirefu cha wagonjwa kujitazama wakijifunza kutembea, sasa palikuwa na skrini. Skrini hiyo haikumsaidia mgonjwa yeyote kupiga hatua. Kazi yake ilikuwa kuonyesha, asubuhi mpaka jioni, fundi gani ana kazi nyingi zilizofunguliwa kwa wakati mmoja. Aliyekuwa juu aliwekewa nyota ya kijani. Aliyekuwa chini aliandikwa kwa rangi nyekundu ili aone haya.

Juu kabisa, mwezi wa pili mfululizo, alikuwa Mikono Sita.

Hilo si jina alilozaliwa nalo. Meneja alimpa mbele ya watu, makofi yakapigwa, na ukweli usemwe, alilipenda. Mwanamke mzima wa miaka arobaini na moja, fundi mwenye miaka kumi na saba kazini, alivishwa kilemba cha ukoka naye akakiweka sawa kisimwanguke. Akipita chini ya skrini alikuwa anainua macho kidogo tu, kama mtu anayeangalia saa, kumbe anaitafuta nyota yake.

Meneja naye mafundi walimwita Bwana Mfumo, na hata angesikia angefurahi. Alikuwa mtu wa viatu visafi. Ndani ya karakana ambamo vumbi jeupe linakaa hadi kwenye kope, viatu vyake viling'aa, maana hakuwahi kusogea zaidi ya mlangoni. Kutoka hapo mlangoni aliwaletea mafundi mifumo mitano: wa miadi, wa vipimo, wa stoo, wa kazi, na wa ujumbe. Yote mitano ilikaa kwenye tableti ambayo kila fundi alikabidhiwa, akasaini, na akaonywa asije akaigusa kwa mkono wenye jasi. Onyo la ajabu kwa mtu anayeshinda amelowa jasi mpaka viwikoni! Na onyo hilo lilikuja pamoja na amri nyingine, kwamba kila ujumbe ujibiwe ndani ya dakika tatu. Basi kazi ikawa kunawa. Unanawa, unajifuta, unajibu, unarudi mezani, jasi imeshaganda kwenye ndoo.

Jumbe zenyewe sasa. Nani amechukua mkasi wa chumba cha pili? Wote thibitisheni kwamba mmesoma ujumbe wa jana wa kuthibitisha. Picha ya pamoja irudiwe, mhasibu alifumba macho. Watu wenye akili zao timamu waliacha miguu ya watu mezani wakaenda kuthibitisha kwamba wamethibitisha.

Mifumo hiyo mitano haikujuana. Ulichoandika huku ulikiandika upya kule, na kila mmoja ulikuwa na tabia zake. Mfumo wa vipimo ulimchora mgonjwa amekutazama. Mfumo wa kazi ulimchora amekupa mgongo. Kwa hiyo doa jekundu la kuonyesha mguu uliokatwa lilikuwa upande huu kwenye picha moja na upande ule kwenye picha nyingine. Neno lenyewe, kulia au kushoto, lilikuwa kwenye mfumo wa miadi, ukurasa wa pili, chini ya namba ya simu ya ndugu wa karibu. Mafundi walipolalamika, Bwana Mfumo alisema binadamu ni hodari wa kuzoea. Wakazoea kweli, wakawa wanageuza picha kichwani kila wanapohama mfumo, mara hamsini kwa siku, na wanapewa nyota kwa kuhama.

Zamani hawakuhitaji picha. Kila fundi alikuwa na kalamu ya zambarau, ile ambayo ukiilowesha inaacha alama ngumu kufutika. Kabla ya kumfunga mgonjwa bandeji ya plasta, ulikipapasa kigutu chake, ukaitafuta mifupa kwa kidole gumba, ukaizungushia duara juu ya soksi nyembamba aliyovaa. Plasta ikikauka ikavuliwa, alama zilikuwa zimehamia ndani yake, na ukimimina jasi humo zilitoka tena, palepale. Hapakuwa na cha kukumbuka wala cha kugeuza. Bwana Mfumo alizikusanya kalamu zote akazitia kwenye boksi. Kuandika kitu kimoja mahali pawili, alisema, ni kupoteza muda. Maneno hayo yalitoka kwa mtu aliyeleta mifumo mitano.

Fundi mmoja tu hakuitoa kalamu yake. Huyo aliitwa Kobe, na jina hilo lilitoka kwenye skrini, maana hakuwahi kutoka kwenye rangi nyekundu. Tableti yake ilikaa kwenye droo chini ya mfuko wa karanga. Alikuwa mtu mwenye mdomo mchafu, mbishi wa mpira, anayetafuna siku nzima, na alifanya mguu mmoja mpaka uishe ndipo akashika mwingine. Mwezi uliopita alitoa miguu kumi na tisa. Mikono Sita alitoa thelathini na mmoja. Kumi na mmoja kati ya hiyo ilirudi, huu unabana, ule unapwaya, lakini mguu uliorudi ulihesabiwa kuwa kazi mpya, hivyo kila alipoharibu alipanda. Yeye mwenyewe aliliona jambo hilo na akalikalia kimya.

Jumatatu Shangazi alikuja kupimwa.

Shangazi ndiye aliyemlea Mikono Sita tangu akiwa na miaka tisa. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na miezi michache iliyopita pikipiki ilimgonga akivuka barabara kwenda shuleni, akakatwa mguu wa kulia chini ya goti. Alikaa kwenye kiti cha kupimia amenyooka, mkoba mapajani, kama aliyekuja kukagua madaftari.

"Shule zinafunguliwa Jumatatu ijayo," alisema. "Mwalimu mkuu kaniambia waziwazi. Nikipanda ngazi mwenyewe siku ya kwanza, darasa ni langu. Nikishindwa, anampa yule mwalimu mpya, mimi nikakae stoo ya vitabu."

"Kwani darasa la kwanza haliwezi kushuka chini?"

"Chini wameweka chumba cha kompyuta."

"Zinafanya kazi?"

"Hazijatolewa hata kwenye nailoni, mwanangu."

Walicheka wote wawili. Tableti ikalia. Mikono Sita akanawa, akajibu, akarudi.

"Ngazi ishirini na mbili," Shangazi akaendelea. "Nazihesabu na watoto kila asubuhi, huu mwaka wa kumi na nane. Ndipo wanapojifunzia kuhesabu. Mimi stoo nitamhesabia nani? Panya?"

"Utapanda, Shangazi. Alhamisi mguu uko tayari."

Alilisema hilo akiwa ameinamia tableti, maana stoo walikuwa wanauliza kama ile bandeji ya plasta ni boksi jipya au la zamani. Alimfunga Shangazi plasta kwa vipande vitatu, kati ya jumbe tano, na kalamu ya kuweka alama hakuwa nayo. Alipiga picha, akaiingiza kwenye mfumo. Shangazi aliyatazama yote hayo kwa kuvutiwa. Mtoto aliyekuwa akimkagulia madaftari sasa anaendesha mambo mengi hivi!

Jumanne ilikuwa siku ya kuchonga.

Mtu asiyejua kazi hii afahamishwe. Ile plasta iliyovuliwa mguuni inajazwa jasi, na jasi ikiganda unapata kigutu cheupe sawa na cha mgonjwa. Hicho unakichonga kwa tupa. Pale ambapo nyama inaweza kubeba uzito unapunguza, ili kikombe cha plastiki kitakachofinyangwa juu yake kiegemee. Pale penye mfupa unaongeza jasi kidogo, ili kikombe kiwe na nafasi. Chini kidogo ya goti, upande wa nje, kuna kichwa cha mfupa mwembamba kinachotokeza. Hapo ndipo pa kuogopwa. Ukiongeza nafasi upande wa ndani na kukandamiza upande wa nje, umemtengenezea mtu kifaa cha mateso.

Kwa fundi aliyetulia ni kazi ya saa moja. Mikono Sita aliianza saa tatu asubuhi akaimaliza saa tisa na nusu, na katikati alifungua kazi nyingine nne, akajaza fomu mbili za stoo, akahudhuria kikao cha dakika tano kuhusu kupunguza vikao. Kila alipokirudia kigutu cha jasi ilibidi ajiulize alikuwa anafanya nini. Mara ya sita aliporudi alitaka kuhakikisha upande, akafungua picha iliyokuwa karibu, ile ya mfumo wa vipimo, inayomchora mgonjwa amekutazama. Doa jekundu lilikuwa mkono wa kushoto wa picha. Alitakiwa kuligeuza. Tableti ikalia, mtu anatafuta mkasi, na kichwa chake hakikugeuza kitu. Akachonga mguu wa kushoto.

Jasi yenyewe ilimwambia, maana umbo la mguu wa kulia lilikuwa pale mbele ya macho yake, na miaka kumi na saba si mchezo. Kidole gumba kilipopita upande wa nje kilisita. Lakini kusita kunataka dakika mbili za kukaa kimya, na dakika mbili hakuwa nazo. Saa tisa na nusu alibonyeza, kazi ikafungwa, nyota ikang'aa.

Alhamisi, Shangazi alisimama kati ya vyuma viwili vya kushikilia, amevaa mguu mpya. Kwa nje haukuwa na kasoro. Hata wayo ulikuwa wa kulia, kwa sababu mtu wa stoo alisoma neno, hakutazama picha. Alitembea mbele, akageuka, akarudi, na uso wake ukatoka kijasho chembamba.

"Inanichoma kidogo hapa nje."

"Mwanzo huwa hivyo, Shangazi. Utazoea." Alikuwa na tableti mkononi, anamjibu mhasibu kuhusu picha.

Kobe, upande wa pili wa chumba, aliacha kutafuna. "Mbona anaukwepa mguu?"

"Fanya yako, Kobe."

"Nafanya yangu. Nakuuliza yako."

Mikono Sita aliinamia tableti. Alibonyeza palipoandikwa *imekamilika*, akambusu Shangazi shavuni, akaagana naye, na wote wawili walikuwa na furaha.

Jumapili adhuhuri akaenda kumtazama. Alimkuta amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, mguu bandia umelazwa pembeni, kigutu kimefungwa kwa taulo. Taulo lilikuwa na damu.

"Nilikuwa nafanya mazoezi," Shangazi alisema haraka, kama mtoto aliyekamatwa. "Juzi ngazi kumi za shule. Jana kumi na tano. Leo nikasema nimalize zote, ndipo ngozi ikachanika."

"Mbona hukuniambia inauma hivi?"

"Nilikutumia ujumbe Ijumaa. Si ulinijibu?"

Mikono Sita akatoa simu. Ujumbe ulikuwepo, umebanwa kati ya jumbe sitini za kazini zilizomfuata hadi kwenye simu. *Mwanangu inanichoma sana, nivue au nivumilie?* Na jibu lake lilikuwepo pia, ndani ya dakika tatu, kama inavyotakiwa. Alikuwa ametuma dole gumba.

"Ukanitumia dole," Shangazi alisema. "Nikajua nivumilie."

Akakaa chini kwenye simenti. Akauchukua mguu, akatia mkono ndani ya kikombe, na kidole gumba chake kikafanya kazi ambayo kilinyimwa nafasi ya kuifanya Jumanne. Upande wa ndani, shimo la kustarehesha mfupa usiokuwepo. Upande wa nje, penye mfupa, plastiki imekandamizwa ndani kisawasawa. Alikitoa kidole kikiwa chekundu. Alitamani kulia ila aliona hana haki hiyo mbele ya mwenye kidonda.

"Nimekosea, Shangazi. Nimekuchongea wa kushoto."

Shangazi alilikaza taulo. "Kesho nitapanda?"

"Hutapanda. Kidonda kipone kwanza, wiki tatu hivi. Na kikombe hiki hakitengenezeki, ni cha kutupa."

"Lakini si unajua kufanya kazi nyingi kwa mara moja?"

Hakulisema kwa kejeli. Angelisema kwa kejeli ingekuwa nafuu.

Jumatatu saa mbili asubuhi mwalimu mkuu alimpa mwalimu mpya darasa la Shangazi. Saa tatu, Bwana Mfumo aliwakusanya mafundi chini ya skrini, yeye mwenyewe akiwa palepale mlangoni, na cheti chenye fremu mkononi.

"Mwenzetu Mikono Sita," alisema, "ametuonyesha kwamba kufanya jambo moja kwa wakati mmoja ni mazoea ya kizamani. Wiki iliyopita pekee alihama kati ya mifumo mara mia tatu na kumi! Namwomba atueleze siri yake."

Makofi. Mikono Sita akapita mbele. Mkono mmoja ulikuwa na tableti, mwingine kikombe cha plastiki chenye doa lililokauka. Cheti hakukipokea, hakuwa na mkono wa kukipokelea.

"Siri iko humu," alisema, akawasha tableti. "Mfumo unaandika kila kitu, asante meneja. Nawasomea Jumanne. Saa tatu na dakika nne, kuchonga. Saa tatu na dakika tisa, ujumbe, mkasi wa chumba cha pili. Saa tatu na dakika ishirini, kuchonga. Saa tatu na ishirini na sita, fomu ya stoo. Saa nne kasoro dakika nane, kuchonga."

"Vizuri sana," alisema Bwana Mfumo.

"Subiri, haijaisha. Saa nne na dakika tano, kikao cha kupunguza vikao." Watu wakaanza kuinamisha vichwa. Akaendelea kusoma, mstari kwa mstari, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya majeruhi, mpaka akafika kumi na moja. "Mara kumi na moja nimekishika kigutu cha mtu na mara kumi nimekiacha. Jumla ya kuchonga, dakika arobaini na sita. Jumla ya kutafuta mkasi, dakika hamsini na mbili. Huo mkasi ulipatikana?"

"Ulikuwa chumba cha pili," mtu alijibu kwa sauti ndogo.

"Haya. Na hiki ndicho kilichotoka." Akakinyanyua kikombe. "Meneja, njoo. Tia kiwiko chako humu."

"Si lazima sasa..."

"Ingia ndani, viatu vitafutika. Tia kiwiko."

Bwana Mfumo aliingia karakana yake kwa mara ya kwanza, kwa hatua fupi fupi, akakiweka cheti mezani, akakunja mkono wa shati akakiingiza kiwiko. Mikono Sita akaitia tableti kwapani, akaushika mkono wake akaukandamiza chini, si kwa hasira, kwa uzito wa kawaida wa mtu anayesimama. Bwana Mfumo alitoa mlio mdogo usio wa kimeneja.

"Hapo ni mara moja," alisema Mikono Sita. "Mwenye mguu alisimamia hapo siku tatu, akapanda ngazi, kwa sababu mimi nilimtumia dole gumba. Ni shangazi yangu. Ni mguu wa kulia na mimi nimechonga wa kushoto, na nyota mmenipa."

Kobe alitia karanga mdomoni halafu akajuta, maana ilisikika na watu wote.

Bwana Mfumo alikisugua kiwiko. Kwa muda kidogo ilionekana kama kitu kimemwingia. Kisha uso wake ukakunjuka, ukawa uso wa mtu aliyepata wazo, na waliomfahamu wakajua mambo yameharibika.

"Hili ni somo kubwa," alisema. "Tatizo ni kwamba hatuna mahali pa kuthibitisha upande. Tutaleta mfumo wa sita. Wa kulia na kushoto."

Watu wawili wakapiga makofi. Ndivyo watu walivyo.

Mikono Sita aliiweka tableti juu ya cheti, akavuka chumba mpaka kwenye meza ya Kobe, akanyoosha mkono. Kobe alimtazama, akapapasa nyuma ya sikio, akampa kalamu ya zambarau. "Usiitafune," alisema. "Hiyo ni moja tu."

Kidonda kilichukua siku ishirini na nne. Kilipofunga, Shangazi alikuja tena karakana, na safari hii Mikono Sita alikaa chini mbele yake, kwenye sakafu, akakipapasa kigutu chote. Alizungushia duara kila mfupa. Aliandika KULIA kwa herufi kubwa kama za ubaoni, mpaka Shangazi akamwambia inatosha, mguu wenyewe umeshaelewa. Mfumo ulikataa kuifungua kazi hiyo, kwa sababu wiki mbili zilikuwa zimepita, na mguu uliokamilika haukuruhusiwa tena kurudi. Mfumo wa kazi ulisema hivyo, na wa miadi ukakubaliana nao, mara ya kwanza katika maisha yao kukubaliana. Basi mguu mpya ukatengenezwa bila kuwepo popote. Wayo na bomba la kuuunganisha na kikombe vilikuwa vilevile vya zamani, na plastiki ya kikombe Kobe aliitoa kwenye mabaki yake huku akilalamika kama anatolewa jino.

Alichonga saa moja na robo, mlango umefungwa. Kwenye skrini jina lake liliteremka siku nzima, likapita la mhasibu ambaye hata miguu hatengenezi, likatua chini kabisa, jekundu.

"Karibu huku," alisema Kobe. "Kuna upepo."

Mguu ukakaa. Shangazi alitembea mara nane kati ya vyuma, kisha bila vyuma, Mikono Sita akimtazama kila hatua kutoka kwenye goti mpaka kisigino, na hakuna kilichochoma. Barua ya onyo kuhusu kushuka kwa utendaji ilikuja kwenye mfumo wa ujumbe mchana huohuo. Aliisoma baada ya siku tatu.

Alhamisi iliyofuata walikwenda shuleni pamoja. Shangazi alikwishaanza stoo, chumba cha chini kabisa nyuma ya zile kompyuta za nailoni, lakini vitu vyake vilikuwa vimebaki juu, darasani.

"Nikuletee mimi?" Mikono Sita aliuliza chini ya ngazi.

"Ulinitengenezea mguu wa nini?"

Akapanda. Alihesabu kwa sauti, kwa mazoea, moja, mbili, tatu, mkono mmoja kwenye ukuta. Kwenye tisa alipumzika. Kwenye kumi na tano hakupumzika. Ishirini na mbili aliitamka polepole, akasimama juu kabisa, miguu yake miwili chini yake, mwezi mmoja baadaye kuliko ilivyotakiwa.

Mwalimu mpya alifungua mlango. Alikuwa kijana mwenye adabu, na boksi alikwishalipanga: chaki za rangi, kifutio, tarakimu za kitambaa ambazo Shangazi alizishona mwenyewe, mto wa kiti. Nyuma yake watoto wapya, wasiomjua Shangazi, walinyoosha shingo kumwangalia mgeni.

"Huyo nani?" mmoja aliuliza.

"Ni mwalimu wa stoo," alijibu mwingine.

Shangazi akawapungia mkono. Mikono Sita akalipokea boksi kwa mikono yote miwili, maana lilikuwa zito, akatangulia kushuka kinyumenyume ngazi moja mbele yake, kwa kuwa kushuka ndiko kugumu kuliko kupanda. Wakiwa kwenye ngazi ya pili simu ikaanza kulia ndani ya mkoba wake. Ikalia, ikanyamaza, ikalia tena.

"Hiyo si inakuita?" Shangazi aliuliza.

"Iache iite."

"Haya. Basi tazama mguu wangu."

Akautazama, ngazi kwa ngazi, mpaka chini.